Maurice Ewing, mtu aliyeisikiliza sakafu ya bahari

Mwamba wa Tororo huonekana kutoka mbali. Msafiri anayeingia Uganda kupitia Malaba au Busia huukuta umesimama peke yake juu ya nchi tambarare, na wakazi wa Tororo, Busia na Masinya wameuzoea kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza umetoka wapi. Wanajiolojia hujibu kwamba ni mabaki ya volkano iliyozimika zamani sana, sawa na vilima vya Sukulu vilivyo jirani, na kwamba ile chokaa inayosagwa kuwa saruji mjini Tororo ilipanda kutoka chini ya ardhi ikiwa imeyeyuka. Mlima Elgon, ulio upande wa kaskazini, nao ni wa ukoo huo huo. Yote hiyo ni milima ya Bonde la Ufa, ingawa ilizaliwa kando yake na si ndani yake.

Hadi katikati ya karne ya 20 hakuna aliyejua kwa hakika kwamba Bonde la Ufa la Afrika Mashariki ni tawi la nchi kavu la mfumo mkubwa zaidi uliofichwa na maji, mfumo unaoizunguka dunia nzima chini ya bahari. Uvumbuzi huo haukutokana na macho. Ulitokana na sauti: milio mizito iliyotumwa chini ya maji, ikagonga sakafu ya bahari, mingine ikarudi, mingine ikapenya tope, na mingine ikatawanyika huku na huko. Mtu aliyefanya bidii kuliko wote wa zama zake kuikusanya milio hiyo alikuwa Mmarekani William Maurice Ewing, aliyefariki dunia tarehe 4 Mei 1974. Inafaa kusema mapema kwamba maana ya kile alichokikusanya aliikataa kwa muda mrefu.

Mtoto wa mashambani

Ewing alizaliwa tarehe 12 Mei 1906 katika mji mdogo wa Lockney, jimbo la Texas, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Ndugu zake watatu waliomtangulia walifariki wakiwa wadogo, hivyo akawa yeye ndiye mkubwa wa watoto saba waliobaki. Nyumba yao haikuwa na mali. Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 16, alipata ufadhili wa kusoma katika chuo cha Rice mjini Houston, na usiku alifanya kazi katika duka la dawa ili apate chakula. Andiko lake la kwanza la kisayansi, lililochapishwa mwaka 1926, lilihusu upinde unaotokea juu ya umande wakati wa mbalamwezi. Alikuwa kijana wa kuangalia vitu ambavyo wenzake walivipita bila kuvijali.

Wakati wa likizo alijiunga na makundi ya watafutaji wa mafuta waliokuwa wakifanya kazi katika maziwa ya kina kifupi ya Louisiana. Huko ndiko alikojifunza ufundi uliomlisha maisha yake yote. Baruti ililipuliwa mahali pamoja, mtetemo ukasafiri ndani ya ardhi, na vyombo vilivyowekwa mbali vikarekodi wakati uliofika. Kutokana na muda wa safari hiyo, fundi aliweza kukisia ni matabaka gani yamelala chini na kwa unene gani. Alipopata shahada ya uzamivu mwaka 1931 alikuwa tayari anafundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, na mara nyingi aliwapeleka wanafunzi wake kulipua baruti kwenye machimbo ya mawe.

Mwezi Novemba 1934 alitembelewa na wageni wawili, Richard Field wa Chuo Kikuu cha Princeton na William Bowie wa idara ya serikali ya upimaji wa pwani. Walitaka kujua kama mbinu hiyo ya nchi kavu ingeweza kutumika baharini, ili kuchunguza ule ukingo wa bara unaoteremka chini ya maji. Wanajiolojia wengi wa siku hizo hawakuona faida yake. Ewing alikubali papo hapo. Alipewa dola 2,000, na mwaka 1935 akaingia baharini. Vipimo vyake vilionyesha kwamba ukingo wa pwani ya mashariki ya Marekani ni lundo nene la mashapo lililojengwa na mito kwa muda mrefu kupita kiasi.

Ngoma husikika, njuga hazisikiki

Hapa panahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa ndipo ilipo siri ya kazi yake.

Mabaharia wa kale, wakiwemo wa pwani ya Waswahili, walipima kina kwa bildi, yaani kamba yenye kipande cha risasi nchani. Katika maji marefu kazi hiyo huchukua saa nzima na zaidi, na hujibu swali moja tu la mahali pamoja tu. Sauti ni mjumbe mwepesi zaidi. Ndani ya maji ya bahari husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mlio unaotumwa kwenye kina cha mita 4,500 hurudi juu baada ya sekunde sita. Chombo kikipiga mlio na kuhesabu sekunde huku meli ikiendelea na safari, umbo la sakafu hujichora lenyewe kwenye karatasi.

Lakini milio yote si sawa. Anayekaa kijijini usiku na kusikia ngoma ikipigwa mbali anajua kwamba mshindo mzito humfikia na njuga hazimfikii. Ndani ya maji ni vivyo hivyo: mlio mwembamba humezwa haraka, mlio mzito huenda mbali. Kisha lipo suala la urefu wa wimbi. Mlio wenye mitetemo 12,000 kwa sekunde una wimbi la sentimita 12 na nusu, hivyo kila jiwe na kila mkunjo mdogo huutawanya. Mlio wenye mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi la mita 30. Huo hauoni kokoto. Hupita juu ya vitu vidogo kana kwamba havipo, hupenya tope laini kama maji yanavyopenya mchanga, na hurudishwa na tabaka gumu lililofukiwa chini. Kinachoutawanya ni vitu vikubwa: vilima, nyufa, miteremko ya miamba.

Ndiyo maana namna sauti inavyorudi ni habari kamili. Sakafu iliyolala kama jamvi hurudisha mwangwi mmoja safi. Sakafu yenye milima na mabonde hurudisha mwangwi uliovurugika, kwa sababu kila kilele hutuma jibu lake kutoka pembeni, na karatasi hujaa mistari iliyopinda inayopishana. Kwa mwindaji wa nyambizi vurugu hiyo ni kelele inayomficha adui. Ewing alijifunza kuisoma.

Vita na njia ya siri

Mwaka 1940 alihamia kituo cha utafiti wa bahari cha Woods Hole, na vita vya pili vya dunia vikaifanya elimu yake kuwa silaha. Mwaka 1941, yeye na Columbus Iselin walitayarisha mwongozo kwa ajili ya jeshi la wanamaji kuhusu namna sauti inavyosafiri baharini. Ulieleza jinsi tofauti ya joto la maji inavyoipindisha sauti na kuacha kivuli ambamo nyambizi inaweza kujificha.

Aliona pia jambo kubwa zaidi. Katika bahari nyingi, kwenye kina cha karibu mita 1,000, lipo tabaka ambamo sauti huenda polepole kuliko juu yake na chini yake. Sauti inayojaribu kutoka humo hupindishwa na kurudishwa ndani. Kwa kuwa haigusi uso wa bahari wala sakafu, haitawanywi na mawimbi wala miamba, na mlio mzito huweza kusafiri humo bila kuchoka. Mwaka 1944 dhana hiyo ilijaribiwa karibu na visiwa vya Bahama, na mlipuko mdogo ukasikika umbali wa maili 900. Baada ya vita, jeshi la Marekani liliitumia njia hiyo kuzisikiliza nyambizi za Urusi, na kwa miaka mingi habari zake zilikuwa siri.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitoka Bahari ya Hindi. Tarehe 21 Machi 1960, meli ya Australia iitwayo Diamantina iliangusha mabomu ya kina karibu na Perth. Mlio wake ulikatisha bahari hiyo, ukapita kusini mwa Rasi ya Tumaini Jema na kuingia Atlantiki. Baada ya zaidi ya saa tatu na nusu ukasikika Bermuda, umbali wa karibu kilomita 20,000. Ni karibu nusu ya mzingo wa dunia.

Meli iliyokuwa ya starehe

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Columbia kilimpa Ewing jumba la kitajiri lililo juu ya mto Hudson, lililotolewa zawadi na familia ya Lamont, alifanye kuwa kituo cha utafiti. Miaka minne baadaye alipata meli iitwayo Vema, yenye milingoti mitatu, iliyojengwa Copenhagen mwaka 1923 kwa ajili ya starehe za tajiri. Ewing aliigeuza kuwa meli ya kazi isiyolala. Popote ilipokuwa, kila siku ilisimama na kuteremsha bomba refu kuchota tope la sakafu, hata kama hakuna mtu aliyekuwa na swali kuhusu mahali hapo. Alisema maswali yatakuja baadaye. Ilipostaafu mwaka 1981, Vema ilikuwa imesafiri zaidi ya maili milioni moja.

Gharama yake haikuwa ndogo. Januari 1954, katika dhoruba, wimbi lilimfagia Ewing kutoka sitahani pamoja na mdogo wake John na maofisa wawili wa meli, walipokuwa wakijaribu kufunga mapipa yaliyokatika kamba. Meli iligeuka. Watatu waliokolewa, mmoja akazama. Ewing aliumia uti wa mgongo na alichechemea hadi kufa kwake. Baada ya kupata nafuu alirudi baharini.

Alitaka wengine wafanye kazi kama yeye, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Alioa mara tatu. Wanafunzi wake walimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja, na wengi wao wakawa viongozi wa fani hiyo.

Ufa unaoingia Afrika

Miongoni mwa walioajiriwa na Ewing alikuwa mwanamke mmoja aliyeitwa Marie Tharp. Alijiunga na kundi hilo mwaka 1948, na kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti, kazi yake ilikuwa kukaa mezani na kuchora kile ambacho wanaume walileta kutoka baharini. Mwaka 1952, akipanga vipimo vya kina vya Atlantiki, aliona kwamba katikati ya safu ya milima iliyolala chini ya bahari hiyo kuna bonde lenye umbo la herufi V, na bonde hilo linajirudia katika kila mstari. Alitambua kwamba ni ufa. Mwenzake Bruce Heezen alilipuuza wazo hilo kuwa porojo za wanawake, kwa kuwa lilinukia nadharia ya mabara kusogea, nadharia iliyochekwa wakati huo.

Kilichombadilisha Heezen ni ramani nyingine iliyokuwa ikichorwa kwenye meza ya jirani, ya mahali pa matetemeko ya ardhi. Zilipowekwa pamoja, matetemeko yalilala ndani ya bonde la Tharp. Kisha wakayafuata matetemeko hayo hadi kwenye bahari zisizo na vipimo vya kutosha. Mstari uliteremka Atlantiki, ukaizunguka Afrika kwa kusini, ukapanda Bahari ya Hindi, ukaingia Ghuba ya Aden na kufika nchi kavu kwenye Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Tharp alilinganisha umbo la bonde la Atlantiki na lile la Afrika, akaona yanafanana. Yaani nchi kati ya Turkana na Naivasha, ambayo mchungaji aliweza kuivuka kwa miguu, ilikuwa kielelezo cha kitu ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona.

Haki inadai itajwe kwamba dokezo hilo lilikuwepo kabla yao. Katika miaka ya 1933 na 1934, meli ya Misri iitwayo Mabahiss, ikiongozwa na Seymour Sewell, ilipima Bahari ya Hindi kwa mwangwi. Mwaka 1937 Sewell na mwenzake Wiseman waliandika kwamba sakafu ya Bahari ya Arabuni inafanana na mabonde ya ufa ya Afrika. Andiko hilo halikusomwa na wengi.

Mwaka 1956 Ewing na Heezen waliitangazia dunia kuwepo kwa safu hiyo moja inayozunguka sayari, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 60,000. Jina la Tharp halikuwa mbele.

Mwenye ushahidi akaukataa

Ewing aliamini kwamba bahari ni za kale kama dunia yenyewe na kwamba hazisogei. Kama ni hivyo, mashapo yaliyoanguka humo kwa mabilioni ya miaka yangepaswa kuwa mazito mno, maktaba nzima ya historia ya dunia. Alilipua baruti yake akitarajia kuifungua maktaba hiyo. Sauti nzito ilipenya tope, ikagonga mwamba na kurudi mapema mno. Mashapo yalikuwa membamba. Juu ya kilele cha ile safu ya milima hayakuwepo kabisa, na mwangwi ulitawanyika ovyo kwenye miamba mitupu. Kadiri meli ilivyokwenda mbali na kilele, ndivyo tope lilivyozidi kuwa nene na sakafu kuwa laini. Tena ganda la dunia chini ya bahari lilionekana kuwa na unene wa kilomita chache tu, ilhali chini ya mabara hufikia kilomita 30 na zaidi.

Leo mwanafunzi wa sekondari angejibu bila kusita: sakafu mpya huzaliwa kwenye ufa na kusogea pembeni, hivyo iliyo mbali ni ya zamani zaidi na imepokea tope zaidi. Ewing hakutaka jibu hilo. Kituo chake kikawa ngome ya wapinzani wa nadharia hiyo, na mara nyingi ni watu wa vituo vingine waliozitumia takwimu zake kujenga hoja. Mwaka 1966, vijana wake mwenyewe, akiwemo Walter Pitman, walipata katika sumaku ya miamba ya Pasifiki ushahidi usiokanushika. Mwaka 1967 Ewing na mdogo wake John waliandika kuhusu unene wa mashapo na kutanuka kwa sakafu ya bahari, safari hii wakilikubali jambo lenyewe na kubishana tu juu ya mwendo wake.

Ugomvi wake na Heezen ulikuwa mchungu zaidi. Heezen alizuiwa kutumia takwimu za kituo, na Tharp akaondolewa kazini. Kwa miaka kadhaa alichora ramani zake nyumbani. Ramani ya sakafu za bahari zote za dunia, iliyotolewa mwaka 1977, ilibeba majina ya Heezen na Tharp. Ewing hakuiona. Alikuwa ameondoka Columbia mwaka 1972 kwa mzozo wa mamlaka juu ya kituo alichokijenga, akahamia Galveston, Texas, kuanza upya akiwa na umri wa miaka 66. Alifariki huko baada ya kupatwa na kiharusi, siku nane kabla ya kutimiza miaka 68.

Mwangwi katika Ziwa Victoria

Mbinu yake haikuishia baharini. Mitetemo ya aina hiyo, ingawa sasa hutolewa kwa hewa iliyobanwa badala ya baruti, ilitumika kutafuta mafuta chini ya Ziwa Albert na gesi katika kina cha bahari ya Tanzania. Wanajiolojia wanaeleza pia kwamba nchi iliyo kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, pamoja na Busia, Tororo na ziwa lenyewe, ni kipande cha ganda la dunia kinachosogea peke yake, kwa milimita chache kila mwaka.

Katika miaka ya 1990 watafiti walioongozwa na Thomas Johnson walipitisha mawimbi ya sauti chini ya Ziwa Victoria, ambalo kina chake hakizidi sana mita 80. Chini ya mita kadhaa za tope laini, mwangwi ulikuta uso mgumu ulioenea hadi sehemu zenye kina kikubwa kabisa. Bomba la kuchota tope lilipofika hapo lilitoa udongo wenye dalili za mizizi ya majani. Mwaka 1996 walitangaza matokeo yao: zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, wakati wa ukame mkubwa, ziwa lilikauka. Mahali ambapo wavuvi wa Majanji na Port Victoria hutega nyavu zao usiku palikuwa mbuga ya nyasi.